Gemu Kwanza, Kadi Baadaye: Gharama ya Kucheza Michezo ya Zamani kwa Picha Zake Halisi

Anayetaka kucheza Unreal ya mwaka 1998 au FIFA 98 kama zilivyoonekana zilipotoka ana njia tatu. Anaweza kutafuta kompyuta ya wakati ule na kuifunga kadi maarufu ya kampuni ya 3dfx. Anaweza kuchukua kompyuta ya miaka michache baadaye, yenye kadi ya kawaida ambayo haigombaniwi na wakusanyaji. Au anaweza kubaki na kompyuta aliyonayo na kuiwekea programu za bure zinazoiga mashine za zamani. Kati ya njia ya kwanza na ya tatu kuna tofauti ya mamia ya dola, na wengi huzilipa kabla ya kujiuliza gemu yenyewe inahitaji nini.

Ushauri wangu ni huu: chagua gemu kwanza, kisha ukubwa wa picha, na kadi iwe ya mwisho. Gemu ya zamani ina kikomo chake tangu siku ilipotengenezwa. Ukikijua kikomo hicho, mipangilio inakuwa rahisi na bei inashuka.

Hesabu inayotangulia fedha

Kadi za grafiki za miaka ya 1990 zilikuwa na memori ndogo, na memori hiyo ndiyo iliyoamua ukubwa wa picha. Gemu ya 3D huhitaji nafasi tatu kwa wakati mmoja: picha inayoonekana kwenye skrini, picha inayofuata ambayo inaendelea kuchorwa, na ramani ya kina inayoonyesha kitu kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Kwa rangi za biti 16, kila pikseli huchukua baiti 2 katika kila nafasi. Pikseli 640 kwa 480 ni KB 600. Zidisha mara tatu, unapata KB 1,800.

Voodoo Graphics, kadi ya kwanza ya 3dfx iliyoingia sokoni mwaka 1996 kwa takriban dola 300, kwa kawaida ilikuwa na MB 4. MB 2 zilikuwa za picha na MB 2 za tekscha, yaani michoro inayobandikwa juu ya kuta, ardhi na nguo za wachezaji. MB 2 ni KB 2,048, kwa hiyo 640 kwa 480 inaingia. Ukitaka 800 kwa 600 pamoja na ramani ya kina unahitaji zaidi ya KB 2,800, na hakuna draiva itakayoongeza nafasi ambayo haipo.

Voodoo2 ya mwaka 1998 ilikuwa na MB 4 za picha. Hapo 800 kwa 600 inaingia kwa raha, lakini 1024 kwa 768 inahitaji KB 4,608 wakati zilizopo ni KB 4,096. Ndiyo maana 3dfx iliruhusu kadi mbili za Voodoo2 zifungwe pamoja, moja ikichora mstari mmoja na nyingine mstari unaofuata, ili kuifikia 1024 kwa 768. Mnunuzi alilipa bei ya kadi ya pili ili apande ngazi moja ya picha. Leo bado analipa hivyo hivyo.

Sasa ilinganishe na Age of Empires II ya mwaka 1999. Hiyo ni gemu ya 2D yenye rangi 256, na pikseli moja huchukua baiti 1 tu. Picha nzima ya 1024 kwa 768 ni KB 768. Haihitaji kadi ya 3D kabisa. Kadi yoyote ya kawaida ya mwisho wa miaka ya 1990 inatosha. StarCraft ya mwaka 1998 nayo imefungwa kwenye 640 kwa 480. Hata ukiifungia kadi ya dola 500, haitaongeza pikseli moja.

Njia ya kwanza: kadi ya 3dfx

Unacholipia hapa ni Glide, lugha ambayo gemu ilitumia kuzungumza na kadi za 3dfx peke yake. Unreal, Need for Speed III na FIFA 98 zote ziliandaliwa kwa Glide, na ukichagua Glide kwenye mipangilio yake unaona picha ambayo watengenezaji waliikusudia. Kama gemu unazozipenda ni za kati ya mwaka 1996 na 1999, njia hii ndiyo iliyo karibu zaidi na asili.

Ila fahamu unachonunua. Voodoo ya kwanza na Voodoo2 huchora 3D tu. Bado unahitaji kadi ya pili ya kawaida kwa kazi nyingine zote, na waya wa kupitisha picha kutoka kadi hiyo kwenda Voodoo, kisha kwenye monita. Waya hafifu hufifisha maandishi ya Windows. Leo Voodoo2 moja nzima huuzwa kwa zaidi ya dola 100, kabla ya usafiri na ushuru. Voodoo5 5500 ya mwaka 2000 hupita dola 500, na sehemu kubwa ya bei hiyo inatokana na jina, kwa kuwa 3dfx iliuza mali zake kwa Nvidia kuanzia Desemba 2000 na kadi hizo hazikutengenezwa tena.

Kwa anayetaka Glide bila kufilisika, Voodoo3 ya mwaka 1999 ndiyo chaguo la busara. Ina MB 16, inafanya kazi za 2D na 3D peke yake, na ilitoka kwa sloti ya AGP na ya PCI. Udhaifu wake ni kwamba michoro ya 3D hubaki kwenye rangi za biti 16. Kwa gemu za mwaka 1998 hilo halikuumizi, maana nyingi zilitengenezwa kwa kiwango hicho. Weka 800 kwa 600, biti 16, tekscha za juu, kisha ucheze.

Njia ya pili: kadi isiyogombaniwa

GeForce2 MX ya mwaka 2000 na GeForce4 MX ya mwaka 2002 ziliuzwa kwa wingi, na ndiyo sababu mara nyingi zinapatikana kwa chini ya dola 50. Zinafanya kazi chini ya Windows 98, zinaendesha Direct3D na OpenGL, lugha nyingine za 3D zisizofungwa kwa 3dfx, na zina nguvu kuliko Voodoo2 mbili zikiunganishwa. Half-Life ya mwaka 1998, kwa mfano, inakuruhusu kuchagua OpenGL, na kwenye kadi hizi inakwenda vizuri kabisa kwa 1024 kwa 768. Unachokosa ni Glide.

Hapa mnunuzi anapaswa kuwa macho na namba za jina. Muuzaji husifu idadi ya MB, ilhali kinachoamua kasi ni upana wa njia ya memori. GeForce2 MX 200 ina njia ya biti 64, wakati MX 400 kwa kawaida ina biti 128. Kadi mbili zenye MB 32 sawasawa zinaweza kutofautiana sana mchezoni. Katika GeForce4 MX, ile ya 440 hutumia memori ya DDR, ambayo ni ya kasi zaidi, ya 420 haitumii. Kama bei zinakaribiana, chukua 440, na uhakikishe kwamba si toleo la biti 64.

Kwenye mipangilio, rangi ndizo za kuangalia kwanza. Kutoka biti 16 kwenda biti 32 kunazidisha mara mbili mzigo wa memori. Picha ya 1024 kwa 768 kwa biti 32, pamoja na nafasi zake tatu, hula MB 9. Kwenye kadi ya MB 16 kama Riva TNT, zinabaki MB 7 tu za tekscha. Kwenye GeForce2 MX nafasi ipo, lakini njia ya memori huelemewa na fremu hushuka. Gemu ikianza kukwama, rudisha rangi kwenye biti 16 kabla ya kupunguza ukubwa wa picha. Mara nyingi jicho halitaona tofauti mchezo ukiwa mbioni, lakini mkono utahisi wepesi.

Njia ya tatu: programu kwenye kompyuta uliyonayo

Kompyuta za mtumba za ofisini zinazouzwa Kariakoo au katikati ya Nairobi zina sloti za PCI Express. Kadi za AGP hazichomeki humo. Lakini grafiki iliyomo ndani ya prosesa zake inatosha kwa gemu hizi zote ikisaidiwa na programu. DOSBox huendesha gemu za DOS. nGlide na dgVoodoo 2 hutafsiri amri za Glide ili kadi ya leo izielewe. Zote ni za bure. Gemu nyingi za zamani zinauzwa kihalali kwenye GOG, mara nyingi kwa dola 5 hadi 10, zikiwa zimeshaandaliwa.

Mipangilio miwili ya DOSBox ndiyo inayowashinda wengi. Wa kwanza ni umbo la picha. Gemu za DOS za 320 kwa 200, kama Doom ya mwaka 1993, zilionyeshwa kwenye monita ya uwiano wa 4 kwa 3, hivyo kila pikseli ilikuwa ndefu kidogo kwenda juu. Bila kuwasha aspect=true, nyuso za watu zinakuwa bapa. Wa pili ni cycles, unaodhibiti kasi. Wing Commander ya mwaka 1990 hukimbia kupita kiasi kwenye prosesa yenye nguvu, hadi haichezeki. Punguza namba hiyo taratibu hadi mwendo ukae sawa.

GTA San Andreas, iliyoingia kwenye kompyuta mwaka 2005, inatufundisha jambo hilo hilo. Katika mipangilio yake kuna kidhibiti cha fremu. Wengi hukizima wakitaka mwendo laini zaidi, kisha fizikia ya mchezo inaharibika, hata kuogelea. Kiache kimewashwa. Kama kompyuta inaelemewa, punguza kwanza ubora wa athari za picha, kisha umbali wa kuona.

Skrini na gharama zinazojificha

Monita ya chogo huonyesha 640 kwa 480 na 1024 kwa 768 kwa ubora ule ule, kwa sababu haina pikseli za kudumu. Skrini bapa ina ukubwa wake mmoja halisi, na picha ndogo ikitanuliwa hufifia. Lakini chogo cha inchi 17 kina uzito wa zaidi ya kilo 15, hula umeme zaidi ya skrini bapa, na kukisafirisha kutoka mbali kunaweza kugharimu kuliko bei yake. Ukikipata jirani, kichukue. Kisha ingia kwenye mipangilio ya Windows uongeze kasi ya kuonyesha kutoka Hz 60 hadi Hz 85; macho yatapumzika.

Kwa njia mbili za kwanza, tenga fedha kwa ajili ya mambo haya pia. Bodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilifungwa kapasita mbovu zinazovimba juu. Omba picha ya karibu kabla ya kulipa. Bodi za zamani zaidi huwa na betri inayovuja na kula njia za shaba. Pawa saplai ya zamani ibadilishwe au ipimwe na fundi. Na usichomeke Voodoo3 ya AGP kwenye bodi ya Pentium 4 bila kusoma kitabu chake: kadi hiyo hutumia volti 3.3, na bodi nyingi za Pentium 4 hukubali volti 1.5 tu. Kosa hilo linaweza kuua bodi. RAM usiipapie, Windows 98 huanza kusumbua ikizidi MB 512, na MB 256 zinatosha.

Nani achukue nini

Anayependa gemu za DOS, Age of Empires II au San Andreas abaki na njia ya tatu. Hapati hasara ya maana, na fedha yake anunulie gemu.

Mwenye gemu za Direct3D na OpenGL za mwaka 1998 hadi 2002, na anayefurahia kushika mashine halisi, achukue GeForce4 MX 440 na bodi inayoikubali. Kwa kila dola anayotoa, hapa ndipo anapopata picha nyingi zaidi.

Mwenye mapenzi na Glide aanze na nGlide bila kulipa chochote. Akicheza Unreal hadi mwisho na bado akaitaka kadi yenyewe, anunue Voodoo3 moja nzima iliyopimwa, akiwa na bodi sahihi mkononi. Voodoo2 mbili na Voodoo5 ni za mkusanyaji, na mkusanyaji ana haki ya kufurahia mkusanyiko wake. Mchezaji hazihitaji.