Ndege wa gramu 30 wanaojenga nyumba ya tani moja jangwani

Ukipita Kalahari, kusini mwa Afrika, unaweza kudhani kuna mtu kapandisha lundo la nyasi kavu juu ya mti. Kumbe ni nyumba, tena yenye wakazi mamia.

Wajenzi wake ni aina ya mnana wanaopatikana Namibia, Botswana na Afrika Kusini. Kwa umbo hawapishani sana na shomoro, kila mmoja ana gramu 30 hivi. Lakini kiota chao kinaweza kuzidi tani moja na kuwa na vyumba zaidi ya 100.

Kimejengwaje?

Juu kuna paa la vijiti, chini yake nyasi zilizochomekwa moja moja. Kila chumba kina mlango wake unaotazama chini, na njia ya kuingilia ina ncha kali za majani makavu. Ndani hutandikwa vitu laini kama manyoya.

Kwa nini wakae pamoja?

Sababu kubwa ni hali ya hewa. Kiangazi, joto la mchana hupita nyuzi 40. Usiku wa kipupwe hushuka chini ya 0. Nyasi nene hukinga jua, na usiku hushika joto la miili ya ndege. Baridi ikizidi, ndege kadhaa hubanana chumba kimoja. Hapo mwili hautumii nguvu nyingi kujipasha joto, hivyo chakula kidogo kinatosha.

Ila umoja huu una gharama. Nyoka aina ya fira akipanda, hupita chumba hadi chumba akila mayai na vifaranga. Kozi kibete naye huhamia humo bila kujenga chochote, na mara nyingine hula watoto wa wenye nyumba.

Mvua ikinyesha, nyasi hulowa, uzito unaongezeka na tawi linaweza kukatika. Pasipo na miti ya kutosha, ndege hujenga kwenye nguzo za umeme, na hapo hutokea hitilafu na hata moto. Mafundi wakibomoa, ndege huanza upya.

Kikitunzwa, kiota kimoja huweza kutumika zaidi ya miaka 100, kizazi kwa kizazi. Ndiyo maana ukarabati hauishi: paa lisipoongezwa nyasi, wote waliomo hukosa kinga.