Kovu Lisiloonekana

Kovu analoliona mama akioga silo linalomkosesha daktari usingizi. La ngozi laweza kuwa la mlalo, limepona vizuri, kumbe ndani mfuko wa uzazi ulikatwa wima. Kovu hilo la ndani ndilo litakalobeba mimba ijayo, na hakuna awezaye kulisoma kwa kutazama tumbo.

Katika nchi ya chai ya Kenya jambo hili si dogo. Mama aliyepasuliwa mara mbili huenda mtoto wa kwanza alimzalia hospitali ya Kapkatet, wa pili Longisa au Tenwek, na sasa anaishi katika nyumba za shamba la chai ambako zahanati ya karibu haina chumba cha upasuaji. Akina mama wengi wa namna hii huuliza, “Daktari, nilishonwa tabaka moja au mawili?” Ni swali zuri, ingawa silo ningelitanguliza.

Kuna wakati mfuko wa uzazi haukushonwa kabisa. Mwaka 1879 msafiri Mwingereza, Robert Felkin, alishuhudia upasuaji wa uzazi huko Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo. Mganga alimpa mama pombe ya ndizi, akanawa mikono kwa pombe hiyohiyo, na palipotoka damu akachoma kwa chuma cha moto. Mfuko wa uzazi aliukandamiza tu mpaka ukajikaza. Tumbo ndilo alilolifunga, kwa vijiti saba vya chuma na kamba ya gome. Baada ya siku 11 mama na mtoto walikuwa hai. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1882, Max Sänger wa Leipzig aliwahimiza wenzake washone mfuko wenyewe. Kabla ya hapo upasuaji huo uliua akina mama wengi mno Ulaya, kwa damu na usaha.

Yule mganga alielewa jambo ambalo bado ni kweli: msuli wa uzazi hujikaza wenyewe. Uzi kazi yake ni kuzishikilia kingo za jeraha kwa wiki chache za mwanzo. Katiguti, uzi wa utumbo wa mnyama, hulegea mapema. Ule wa poliglaktini hudumu zaidi, kisha huyeyuka mwilini kwa takriban siku 70. Kinachoponya ni damu inayofika kwenye kingo hizo. Ndiyo maana mshono wa kufungana kitanzi kwa kitanzi, ukikazwa kupita kiasi, unashukiwa kuunyima msuli damu na kuacha kovu jembamba, pengine lenye kishimo. Dalili ya kishimo, ikiwapo, ni matone ya damu yanayoendelea siku kadhaa baada ya hedhi kwisha.

Je, matabaka mawili ni bora? Utafiti wa CORONIS uliwahusisha wanawake karibu 16,000 katika nchi saba, Kenya ikiwemo. Matokeo ya mwaka 2013, na ya ufuatiliaji wa zaidi ya wanawake 13,000 yaliyotoka mwaka 2016, hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya tabaka moja na mawili, wala kati ya katiguti na poliglaktini. Lakini utafiti huo ulichukua waliopasuliwa mara ya kwanza au ya pili tu, na kupasuka kwa kovu ni nadra mno hata kwa umati huo. Kwa hiyo anayekuja mara ya tatu hawezi kuambiwa kwamba suala limekwisha. Binafsi napendelea matabaka mawili, bila kufunga vitanzi.

Yenye uzito zaidi ni mengine. Kovu la mlalo sehemu ya chini hupasuka kwa wanawake kama 5 kati ya 1,000 wanaojaribu kuzaa kwa njia ya kawaida; la wima sehemu ya juu, kati ya 40 na 90. Kisha kuna kondo la nyuma. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 uliwatazama waliofunikwa mlango wa uzazi na kondo: kwenye upasuaji wa pili, asilimia 11 kondo lilikuwa limezamia msulini, wa tatu, 40, wa nne, 61. Damu humwagika hapo kwa namna ambayo mshono wa awali, uwe mzuri vipi, hauwezi kuizuia. Mama mwenye kovu afanyiwe altrasaundi mapema kujua kondo limekaa wapi, na likiwa chini apangiwe hospitali yenye damu ya kuongeza na wapasuaji wa kutosha, kabla uchungu haujamkuta barabarani usiku wa mvua.

Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Kwa mwenye kovu, ushauri huo una uzito maradufu.

Nanyi wapasuaji wenzangu, kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani, andikeni katika kijitabu chake cha mama na mtoto, kwa mwandiko unaosomeka: kwa nini alipasuliwa, mfuko ulikatwa mlalo au wima, ulishonwaje, na mimba ijayo azalie wapi. Na wewe mama, usiondoke wodini bila maandishi hayo.