Nani Hulipia Utafiti wa Umaskini? (Sehemu ya Tatu)

Waliofuatana nami tangu mwanzo wanakumbuka tulipoishia: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, cha miaka ya 1960, fedha za Rockefeller, na ubishi wa nani awafundishe vijana wa taifa changa. Leo nilikusudia kuingia miaka ya themanini, ila habari zimenikatiza. Januari 2025 Rais wa Marekani aligandisha misaada ya nje, na kufikia Julai mosi shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Katikati ya vumbi hilo Uingereza nayo ilitangaza kwamba misaada yake itashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Tangu hapo kila nikikutana na wahadhiri nasikia wimbo ule ule: mradi umesimama, wakusanya takwimu wamerudishwa makwao, gari limeegeshwa na funguo zimekabidhiwa kwa mhasibu.

Nawapa pole, na pole yangu ni ya kweli. Lakini mshangao wao unanishangaza. Mwaka 2021 Uingereza ilikata fedha za mfuko wake mkubwa wa utafiti wa matatizo ya dunia, miradi ikiwa katikati ya safari. Mwaka 2023 Sweden, ambayo kwa miongo mingi imesomesha wahadhiri wetu hadi uzamivu, ilisitisha ghafla fedha mpya za utafiti wa maendeleo zilizokuwa zikipitia baraza lake la utafiti. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sijui wahenga wangesemaje juu ya anayetegemea cha nduguye ili autafiti umaskini wenyewe.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba fedha za nje ni haramu. Jambo ninalolitetea kwa miaka mingi, na wenzangu wamekwisha kulichoka, ni hili: tazama swali liko mikononi mwa nani. Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka hapa hapa Pwani.

Mwaka 1952 alikuja Tanganyika mwalimu kijana kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, akafundisha wasichana waliosomea ualimu pale Ashira, Kilimanjaro. Katika miaka ya 1960 alihamia kuishi na Wazaramo wa Bunju. Msomaji asifikirie Bunju ya leo ya daladala na fremu za maduka; ilikuwa kijiji cha minazi na mikorosho. Aliishi na watu, akajifunza ngoma za unyago na matambiko, na mwaka 1970 akapata shahada ya uzamivu Uppsala kwa kazi hiyo. Wengi wakifika hapo hufunga mizigo. Yeye alirudi na kujiunga na BRALUP, ile ofisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyochunguza rasilimali na matumizi ya ardhi, ambayo baadaye ikawa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali.

Pale BRALUP, kati ya 1972 na 1975, aliwatuma wanafunzi wa Mlimani vijijini, na hakuwatuma na dodoso peke yake. Walikaa huko, wakafanya kazi na wenyeji, na maswali yakatoka kwenye mazungumzo ya pande zote mbili. Mwanakijiji akawa mtafiti wa hali yake. Huo ndio utaratibu uliokuja kuitwa utafiti shirikishi, ambao leo mashirika ya kimataifa yanatuuzia kwenye semina kana kwamba ulibuniwa Geneva. Wakati huo huo katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima alikuwepo mtafiti Budd Hall, ambaye baadaye aliusambaza kutokea Toronto, na mwelimishaji Mbrazili Paulo Freire mwenyewe alifika Dar es Salaam mwaka 1971. Wageni walikuja kujifunza kwetu.

Chukua kazi moja tu, ya Moshi, iliyochapishwa mwaka 1975. Kilimanjaro ni mkoa wa kahawa, ndizi na maziwa, wenye shule na hospitali nyingi kuliko karibu sehemu nyingine zote za nchi. Iweje basi watoto wenye utapiamlo walazwe hospitalini? Jibu lililokuwa tayari kwenye midomo ya wataalamu lilikuwa ujinga wa akina mama: wafundishwe kupika uji wenye lishe. Watafiti walikwenda nyumbani kwa watoto hao, wakakaa wakatazama. Walikuta vihamba, yaani mashamba ya familia, vilivyogawanywa kwa wana mpaka havitoshi kulisha nyumba, baba aliyekwenda kutafuta kazi mbali au aliyepo lakini hasaidii, na mama mmoja anayebeba kila kitu, pamoja na mzigo wa majani ya ng'ombe anaoupandisha mlimani kichwani. Fedha ya kahawa ilikwenda kwa mwenye jina kwenye kitabu cha ushirika, na kwa kawaida jina hilo halikuwa la mama. Uji ungesaidia nini hapo? Hilo lilikuwa swali la haki, na lisingeonekana kwa mtu aliyekuja na karatasi ya kuhesabu vijiko vya sukari.

Kisha ukaja mradi wa Jipemoyo, magharibi ya wilaya ya Bagamoyo, katika nusu ya pili ya miaka ya sabini. Hapo wasomi wa Kitanzania na wa Kifini walifanya kazi na wakulima na wafugaji Waparakuyo. Na hapa niseme ukweli ambao wazalendo wenzangu hawapendi kuusikia: Jipemoyo ulilipiwa kwa sehemu na Akademia ya Finland. Lakini mwenzi wake alikuwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa, iliyokaa mezani ikiwa na la kusema, na lugha ya kazi kijijini ilikuwa Kiswahili. Fedha ya mgeni ikikuta mwenyeji anajua anachokitafuta, hukaa mahali pake.

Kulikuwa na njia nyingine pia, ya kutolipwa kabisa. Mwaka 1970 Issa Shivji, kijana wa sheria, alichapisha uchambuzi wake wa mapambano ya kitabaka katika jarida la wanafunzi, Cheche, lililopigwa stensili na kurudufiwa kwa mikono yao wenyewe. Halikuwa na mfadhili wala tangazo. Serikali ililipiga marufuku mwaka huo huo, nayo si sifa ndogo kwa kazi isiyo na bajeti.

Sasa miaka ya themanini, kwa ufupi kuliko nilivyoahidi. Mshahara wa mhadhiri uliliwa na mfumuko wa bei. Nyuma ya nyumba za chuo yakajengwa mabanda ya kuku. Mwaka 1986 tukatia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na Benki ya Dunia ikawa inahubiri kwamba shilingi ya shule ya msingi ina faida kuliko shilingi ya chuo kikuu. Utafiti wa ndani ukakauka. Mahali pake ukaingia ushauri elekezi: hadidu za rejea zinatoka kwa mfadhili, muda ni wiki tatu, na ripoti ni ya Kiingereza, ikiwa na muhtasari wa kurasa nne kwa wakubwa na kiambatisho cha majina ya waliohojiwa. Simlaumu aliyelisha watoto wake kwa kazi hiyo. Namlaumu anayeiita utafiti.

Mama mmoja wa Kisarawe aliwahi kuniuliza, kwa upole mwingi, madodoso ya wale waliotangulia yaliishia wapi, maana kuku wake walikwisha kuhesabiwa na hakuna aliyerudi kumwambia jumla. Nilikuwa nimeshika dodoso jipya.

Nisieleweke kwamba nadharau takwimu. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulitupa asilimia 26.4 ya Watanzania wa Bara walio chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, na mstari wenyewe shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Ni kazi nzuri ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na kila andiko la mradi huanza kwa kuinukuu. Ila huyo wa shilingi 49,000 alifikaje hapo, na nani alipata alichokosa yeye? Hiyo ndiyo kazi ya chuo kikuu, nayo haina mteja.

Kwa hiyo tufanyeje? Nchi za Afrika ziliahidiana kutenga asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti, na sisi hatujaifikia. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, inasimamia mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia, MTUSATE, na Mlimani siku hizi ina fedha zake za ndani ambazo wahadhiri hushindania. Ni kidogo, lakini ni zetu, na masharti yake tunayaandika wenyewe. Basi tuandike hivi: sehemu ya kila ruzuku ya utafiti wa umaskini itengwe kwa kurudi kijijini na kusoma matokeo, kwa Kiswahili, mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari wa mkutano huo uhesabiwe mhadhiri anapoomba kupandishwa cheo, sawa na makala iliyochapishwa ng'ambo. Najua kamati za vyeo zitapinga. Nimekaa kwenye kamati hizo, na najua hasa ni nani atakayekohoa kwanza.

Kutenga fungu maalumu kwa sayansi za jamii, ili zisimezwe na maabara na vituo vya ubunifu, ni suala linalotaka nafasi yake. Wiki ijayo tutavuka ziwa kwenda Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, ambako mageuzi ya soko yalianza mapema na kwenda mbali zaidi kuliko yetu, na ambako mwanazuoni Mahmood Mamdani aliyaandikia kitabu kizima mwaka 2007.