Harufu ya petroli ndani ya gari ni dalili, usiifunike kwa manukato

Wenye magari wengi mijini wamezoea kuishi na harufu ya petroli. Wanashusha vioo, wananing'iniza manukato chini ya kioo cha dereva na safari inaendelea. Msomaji, kama gari lako limewahi kubadilishwa injini, kuongezwa viti au kukatwa ekzosi, makala haya yanakuhusu. Harufu hiyo ni kama homa. Homa si ugonjwa wenyewe, bali ni ishara kwamba mahali fulani mwilini kuna kasoro. Na wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

MADHARA KWA MWILI

Petroli ni mchanganyiko wa kemikali nyingi ambazo hugeuka mvuke kwa urahisi sana, hata asubuhi ya baridi kali kule Limuru. Ukiuvuta mvuke huo, huingia mapafuni, ukachukuliwa na damu na kufika kwenye ubongo kwa muda mfupi. Kiasi kidogo huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, na kuwashwa macho na koo. Kikizidi, mtu husinzia na kuwa kama mlevi, jambo la hatari kwa aliyeshika usukani. Kiasi kikubwa mno chaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Miongoni mwa kemikali hizo kuna benzini. Imethibitishwa kwamba kuvuta benzini kwa muda mrefu huweza kusababisha saratani ya damu. Watu wengine hudhani kwamba kwa kuwa Kenya iliachana na petroli yenye madini ya risasi mwaka 2006, basi iliyobaki haina neno. Sivyo. Risasi iliondoka, benzini ingalimo.

Sisemi haya ili uogope kuingia katika kituo cha petroli. Anayepaswa kuwa na wasiwasi ni yule anayeuvuta mvuke kila siku: dereva wa teksi, utingo, mama mjamzito anayesafiri kwenda kazini, na mtoto anayepelekwa shuleni. Mtoto, kwa kila kilo ya uzito wake, huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima. Tena mara nyingi yeye huketi kiti cha nyuma, ambako chini yake, katika magari mengi madogo, ndiko tangi liliko.

SI KILA MAUMIVU NI MALARIA

Dereva mmoja wa teksi alinijia akiwa amemeza dawa za malaria mara tatu katika miezi miwili. Damu ilipopimwa, haikuwa na vimelea. Nilimuuliza kichwa humuuma siku gani. Akajibu kwamba ni siku za kazi tu. Jumapili, gari likiwa limeegeshwa, yeye huwa buheri wa afya. Malaria haina likizo ya Jumapili. Ilibainika kwamba alikuwa amebadilishiwa pampu ya mafuta, na kifuniko chake chini ya kiti cha nyuma kilirudishwa bila mpira mpya wa kuziba. Mpira uliwekwa, na maumivu yakaisha.

Jiulize basi: Je, kichwa huanza kuniuma nikiwa garini? Je, hupoa nikikaa nje kwenye hewa safi? Je, ninaosafiri nao huumwa pia? Malaria haiwashiki watu wote wa gari moja kwa saa ile ile.

Ikiwa nyote mnaumwa, kumbuka pia moshi wa ekzosi. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi na huua. Ekzosi iliyotoboka yaweza kuingiza garini harufu ya petroli ambayo haikuungua pamoja na gesi hii.

HARUFU HUJA WAKATI GANI?

Daktari humuuliza mgonjwa maswali kabla ya kumgusa. Fanya hivyo hivyo na gari lako, kwa maana wakati wa harufu huonyesha mahali pa kasoro.

Ikija baada ya kujaza tangi na kupungua mafuta yakifika nusu, kasoro iko sehemu ya juu ya tangi: kifuniko cha pampu, mpira wa mdomo wa kujazia au mfereji wa kupumulia. Magari mengi huwa na kopo lenye makaa maalumu ya kunasa mvuke wa tangi. Injini inapobadilishwa, kopo hilo mara nyingi hutupwa na mfereji wake kuachwa wazi.

Ikija injini inaponguruma, chunguza mipira ya mafuta. Hapa ndipo magari yaliyobadilishwa injini huponza wenyewe. Injini ya karabureta husukumiwa mafuta kwa nguvu ndogo, ilhali ile ya injekta huhitaji nguvu karibu mara kumi zaidi. Fundi akiweka injini ya injekta na kuacha mipira na klipu za zamani, petroli itavuja au kuchuruzika juu ya injini yenye moto. Hali kadhalika, mpira wa maji si mpira wa petroli. Hufura, hulainika na kupasuka.

Ikija mnapokwama kwenye msongamano, funga njia ya hewa ya nje kwenye dashibodi, uache hewa ya ndani izunguke. Harufu ikipungua, chanzo kiko chini ya boneti. Katika gari la karabureta, chomoa pia kijiti cha kupimia oili. Kikinuka petroli, huenda utando wa pampu umepasuka na mafuta yanaingia katika oili.

Ikija gari likiwa mwendoni, hasa kutoka nyuma, shuku ekzosi. Wengi huikata ili ingurume, au huondoa kile kifaa cha kusafisha moshi. Moshi usiosafishwa hunuka petroli, na hewa inayozunguka nyuma ya gari huurudisha ndani kupitia mlango wa nyuma usiofunga sawasawa.

Wenye matatu nao wasijione wamesalimika. Magari mengi ya aina hiyo yaliletwa nchini yakiwa ya kubeba mizigo, kisha yakatobolewa sakafu ili yafungwe viti. Kila tundu lisilozibwa ni pua ya gari. Mengi yana injini chini ya viti vya mbele. Kifuniko chake kikiwa hakina mpira, abiria wa mbele huvuta kila kinachotoka huko.

CHUNGUZA KWA UANGALIFU

Usitegemee pua yako peke yake. Pua huzoea harufu baada ya dakika chache, nawe ukadhani imeisha. Funga gari kwa saa moja, kisha mwombe mtu mwingine anuse buti, viti vya nyuma na upande wa mbele, kimoja kimoja.

Fanya kazi hiyo nje, injini ikiwa baridi. Usivute sigara, na kamwe usiwashe kibiriti ili uone vizuri. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kujaa kwenye sakafu, kwenye buti na katika shimo la gereji, ukingoja cheche. Ukiona petroli ikidondoka, usiliwashe gari. Mwite makanika alifuate lilipo.

Kadhalika, usibebe petroli kwenye jerikeni ndani ya gari, na usinawe mikono kwa petroli.

HUDUMA YA KWANZA

Aliyezidiwa na mvuke mtoe nje kwenye hewa safi na umlegeze nguo. Nguo zikiwa zimelowa petroli, mvue na umwoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi. Akizimia, akichanganyikiwa au akipumua kwa shida, mpeleke hospitali mara moja.

Aliyemeza petroli akiinyonya kwa mpira asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa. Akitapika, petroli huweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia mbaya. Hata akikohoa kidogo tu, apelekwe hospitali, kwani hali yaweza kubadilika baada ya saa kadhaa.

Mwisho, ukienda kumwona daktari kwa sababu ya kichwa kisichopoa, mwambie pia habari za gari lako. Na ukienda kwa makanika, mwambie harufu huja lini. Bei ya mpira na klipu ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kulazwa hospitalini, au ya gari kushika moto watoto wakiwa ndani.