Saa Tisa Usiku Tarime: Hesabu ya Saa za Kiswahili katika Majaribio ya Programu za Kompyuta

Makala haya yanajadili tatizo la majaribio ya programu za kompyuta ambalo, kwa maoni yetu, ni la kiisimu kabla ya kuwa la kihandisi. Tatizo lenyewe ni kuchanganya saa za eneo, yaani tofauti kati ya saa ya mahali na saa ya kimataifa (UTC), na namna wazungumzaji wanavyozihesabu saa hizo.

Tuchukue mji wa Tarime, mkoani Mara. Kama ilivyo Tanzania nzima, na vilevile Kenya ng'ambo ya mpaka wa Sirari, saa ya Tarime imeitangulia UTC kwa saa 3. Hata hivyo, msafiri anayeambiwa kwamba basi la Mwanza litaondoka saa 12 asubuhi atafika kituoni kabla ya 06:00. Hesabu yake chimbuko lake ni macheo na machweo, ijapokuwa saa 12 kamili jua la Tarime huwa bado halijachomoza: mji upo karibu na longitudo 34 mashariki, ilhali saa zake ni za longitudo 45.

Kwa kuwa tofauti ya hesabu hizi mbili ni saa 6, kuna kishawishi cha kupita njia ya mkato, yaani kuipangia kompyuta eneo lililo nyuma ya UTC kwa saa 3. Hilo ni eneo la Buenos Aires! Jaribio la adhuhuri hufaulu: 12:00 huwa 6:00, nayo ni saa 6 mchana, tarehe ileile. Lakini tujaribu sekunde ya sifuri ambayo mifumo ya Unix huanzia kuhesabu, yaani 00:00 UTC, tarehe 1 Januari 1970. Tarime ilikuwa 03:00, saa 9 usiku, tarehe hiyohiyo. Kompyuta yetu itaonyesha 21:00, ambayo kwa saa ya tarakimu 12 ni 9:00. Tarakimu ni sahihi kabisa, ila tarehe ni 31 Desemba 1969. Mtoto aliyezaliwa saa 9 usiku ataandikishwa kuwa amezaliwa siku iliyotangulia.

Wala mapokeo hayaiokoi njia hiyo. Kwa mapokeo ya Waswahili siku huanza magharibi, ndiyo maana usiku wa Ijumaa huweza kuwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Hila hii huibadili tarehe saa 12 asubuhi, wakati ambao si mapokeo wala serikali huutambua kuwa mwanzo wa siku.

Ifaayo ni kuhifadhi wakati kwa UTC, kuugeuza kwa saa za eneo, kisha kubadili hesabu ya saa katika hatua ya mwisho ya maandishi tu. Aidha, jaribio lisitegemee mpangilio wa kompyuta linamoendeshwa, kwani linalofaulu ofisini Tarime laweza kuanguka kwenye seva iliyopangwa kwa UTC. Eneo litajwe ndani ya jaribio lenyewe, tena kwa jina ambalo mfumo unalifahamu: Linux hutumia Africa/Dar_es_Salaam, ambapo Windows kwa desturi yake huliita E. Africa Standard Time na kuonyesha Nairobi katika orodha yake. Nyakati za kujaribiwa nazo zisiwe za mchana pekee. Saa 5 na dakika 59 usiku, saa 6 usiku, saa 9 usiku na saa 11 na dakika 59 alfajiri ndizo zinazoifichua kasoro hii.