Njia ya hewa ndani ya kasha dogo

Wahandisi wanaopanga vyumba vya seva hufuata mwongozo wa ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa mitambo ya kupasha joto na kupoza majengo. Kwa seva za kawaida, mwongozo huo unaruhusu hewa inayoingia kwenye mashine ifike nyuzi 35 za Selsiasi. Kisha unaweka sharti: ukivuka mita 900 juu ya usawa wa bahari, kikomo hicho kishuke nyuzi 1 kwa kila mita 300 unazopanda. Mji wa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, umekaa karibu kabisa na mstari huo. Anayewasha kompyuta yake Marangu, kwenye mita 1,400 hivi, ameshaingia ndani ya sharti.

Sababu ni wepesi wa hewa. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 10, na uzito huo ndio unaobeba joto. Chukua kompyuta inayokula wati 100, na tuseme unataka hewa itoke ikiwa na nyuzi 10 tu zaidi ya ilivyoingia. Dar es Salaam, siku ya nyuzi 30, unahitaji kupitisha lita 8.5 hivi za hewa kila sekunde. Moshi, kwa joto lilelile, unahitaji lita 9.5. Feni yenyewe haitambui tofauti hiyo. Ikizunguka kwa kasi ileile husukuma ujazo uleule, ila ujazo huo sasa ni mwepesi na unaondoka na joto pungufu.

Hata hivyo mlima unarudisha ulichochukua. Katika mita hizo 1,000, joto la hewa nalo hushuka kwa nyuzi 6 hivi. Kama prosesa yako hupanda nyuzi 50 juu ya joto la chumba, wepesi wa hewa utakugharimu nyuzi 3 hadi 5, na ubaridi utakupa 6. Kwa hiyo mkazi wa Machame au Marangu hana haja ya kuogopa mwinuko anapochagua kasha la kompyuta. Hesabu inabadilika juu zaidi. Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, lilifikisha intaneti ya kasi Horombo, kituo cha wapandaji kilichoko mita 3,720. Pale hewa ina theluthi mbili hivi tu ya uzito wa hewa ya pwani. Hata diski ya kuzunguka hutegemea utando mwembamba wa hewa unaokiinua kichwa cha kusomea kisiguse sahani, na watengenezaji wengi huweka kikomo cha mita 3,000 hivi. Kibanda cha Mandara, mita 2,720, kiko ndani ya kikomo. Horombo ni mahali pa SSD, diski isiyozunguka. Umeme nao una kikomo chake: ukigeuza pawa saplai au chaja iliyotengenezwa China, mara nyingi utakuta alama ndogo ya pembetatu yenye mlima na maandishi ya mita 2,000. Maana yake ni kwamba nafasi zilizoachwa kati ya sehemu zenye umeme zimepimwa kwa hewa ya chini ya mwinuko huo, kwa sababu katika hewa nyepesi cheche huruka umbali mkubwa zaidi.

Nimeanza na mlima kwa sababu ndio swali la kwanza la watu wengi wa huku. Lakini mashine nyingi zinazochemka Moshi zinachemka kwa sababu iliyo ndani ya kasha, au chini ya kaunta ya duka.

Mazabodi ya Mini-ITX, iliyoletwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001, ina sentimita 17 kwa 17. Udogo huo ndio uliozaa makasha ya leo. Kasha la kawaida la mnara lina lita 40 au zaidi, na watu huanza kuliita kasha dogo linaposhuka chini ya lita 20. DAN A4 ya Ujerumani ina lita 7.2 na bado inabeba kadi kamili ya grafiki, ikiipanga mgongo kwa mgongo na mazabodi. Ndani ya lita 40 makosa husamehewa, maana hewa ya moto ina nafasi ya kuchanganyika kabla ya kurudi kwenye feni. Ndani ya lita 7, hewa ya moto ikipinda sentimita chache tu imeshafika tena kwenye mdomo wa feni. Feni inazunguka kwa nguvu zote, kelele inapanda, na inachovuta ni joto lake yenyewe.

Wachagga waliochimba mifongo, yaani mifereji ya maji, kutoka kwenye mito ya mlima hadi kwenye vihamba, mashamba yao ya nyumbani, walilijua jambo hili kwa upande wa maji. Maji ya mfongo hupita panapoyawia rahisi, na ukingo ukitoboka huko juu, kihamba cha chini hakipati kitu. Hewa nayo ni hivyo hivyo. Ukiacha uwazi wa vidole viwili kati ya feni na ukuta wa kasha wenye matundu, feni itavuta hewa ya ndani iliyo jirani badala ya ile ya nje iliyo nyuma ya matundu. Dawa yake ni rahisi mno: kata fremu ya sponji ngumu, iwe nene kama ule uwazi, uizungushe ukingoni mwa feni ili hewa yote ivutwe kutoka nje moja kwa moja. Kwenye makasha madogo, kazi hiyo ya dakika kumi mara nyingi hushinda kununua feni mpya ya bei.

Halafu kuna matundu yenyewe. Mafundi wetu ni hodari wa kukunja bati, na wapo wanaojitengenezea kasha zima. Tatizo huja kwenye drili, kwa kuwa kutoboa kunachosha na mtu hutoboa machache. Tundu la milimita 3 kila baada ya milimita 10, kwa mistari iliyonyooka, linafungua asilimia 7 tu ya ukuta. Kwa macho ukuta unaonekana umejaa matundu, lakini kwa feni ni kama umefungwa. Matundu ya milimita 4 yaliyopangwa kwa kupishana, kila milimita 5 kutoka kati hadi kati, yanafungua asilimia 58. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya feni yoyote na nyingine. Kama huna mashine ya kutoboa kwa wingi, kata dirisha zima mbele ya feni, kisha funika kwa wavu wa chuma.

Kwa mwelekeo wa hewa, mimi napendelea njia moja tu: iingie chini au ubavuni, itoke juu. Hewa ya moto inapanda yenyewe, hivyo feni inasaidiwa badala ya kupingwa. Kadi ya grafiki ipewe ukuta wake wenye matundu ivute hewa ya nje, kwa kuwa ndiyo yenye joto kubwa kuliko zote. Pawa saplai ya SFX, yenye sentimita 12.5 kwa 10 kwa 6.35, iwekwe ikivuta hewa ya nje na kuitoa nje bila kupita kwa prosesa. Na nyaya zifungwe. Kwenye kasha dogo, fundo la nyaya mbele ya feni ni ukuta.

Kuona njia ya hewa kwa macho hakuhitaji kifaa cha maabara. Washa kijiti cha udi, zima feni ya chumba, kisha sogeza moshi taratibu kwenye kila upande wa kasha. Mahali moshi unapovutwa na mahali unaposukumwa pataonekana. Ukiona moshi uliotoka juu unapinda na kuingia tena ubavuni, umepata kosa lako.

Kipimo kingine ni cha namba. Pima joto la chumba, iendeshe mashine kwa kazi nzito nusu saa, soma joto la prosesa, kisha toa. Tofauti hiyo ndiyo sifa ya kasha lako. Kama ni nyuzi 50 asubuhi ya Julai chumba kikiwa na 20, unaweza kukisia kwamba mchana wa Februari chumba kikiwa na 32 prosesa itakuwa kwenye 82. Prosesa nyingi za leo hujipunguzia kasi zenyewe zikifika kati ya nyuzi 95 na 100, kwa hiyo 82 haina shida. Sasa fungua ukuta wa kasha na urudie. Joto likishuka sana, ukuta ndio unaobana hewa. Lisiposhuka, acha kulaumu kasha. Huenda pesti ya prosesa imekauka, au kipande cha alumini chenye mapezi hakijakaa sawasawa juu yake.

Joto rahisi kuliko yote kuliondoa ni lile ambalo halikuzalishwa. Nguvu inayotumiwa na prosesa hufuata kasi yake, na hufuata volti zake mara mbili, yaani volti zidisha volti. Ukipunguza volti kwa asilimia 10 bila kugusa kasi, sehemu kubwa ya matumizi ya prosesa hushuka kwa asilimia 19. Mazabodi nyingi zina mpangilio wa kuweka kikomo cha wati, na kwa kazi za kuandika, kuchapa na kuhariri picha za wageni waliotoka kilele cha Uhuru, mtumiaji hataona kasi iliyopotea. Ndiyo maana nazipenda zile kompyuta za mtumba za ofisi zenye ujazo wa lita moja, kama Lenovo ThinkCentre Tiny. Nyingi zina prosesa ya wati 35, na chaja yake iko nje, hivyo joto la kubadilisha umeme haliingii kabisa kwenye kasha. Kwa duka la stesheneri hiyo ni mashine ya heshima, mradi isifungiwe kwenye kabati la kaunta lisilo na uwazi nyuma. Wati 35 ndani ya kabati lililofungwa chini ya paa la bati zitapandisha joto la kabati zima, na hakuna feni ya ndani inayoweza kusaidia, kwa kuwa inavuta hewa ya kabati lilelile.

Wengine hutamani kompyuta isiyo na feni kabisa, wapate ukimya. Apple walijaribu mwaka 2000 na Power Mac G4 Cube, mchemraba uliopoa kwa hewa ya moto kupanda yenyewe, na waliusimamisha mwaka uliofuata. Kwa kazi nyepesi njia hiyo inawezekana. Kumbuka tu kwamba mkondo wa hewa inayopanda yenyewe hudhoofika hewa inapokuwa nyepesi, kwa hiyo mapezi ya alumini yawe makubwa kuliko unavyodhani.

Kiangazi kinaleta vumbi jekundu la mlima, jepesi na lenye kushika. Chujio la sponji nyembamba au nailoni liwekwe upande wa kuingiza hewa, na feni za kuingiza ziwe na nguvu zaidi kidogo kuliko za kutoa, ili hewa isinyonywe kupitia nyufa zisizo na chujio. Wavu wa mbu wa dirishani huzuia mende na mijusi, ambao hupenda sana ujoto wa pawa saplai, lakini vumbi hulipita. Chujio lisafishwe mara moja kwa mwezi kuanzia Juni hadi mvua za vuli, na kila wiki kwa maduka ya kando ya barabara ya vumbi. Unapopuliza vumbi, zuia feni kwa kidole isizunguke ovyo.

Na anayeshusha mashine kutoka Marangu alfajiri kwenda kuiuza Moshi mchana asiiwashe mara tu anapofika. Chuma kilicholala kwenye baridi kikikutana na hewa ya joto yenye unyevu hutokwa na umande, hata juu ya mazabodi. Iache kwenye boksi lake lililofungwa saa moja au mbili ipate joto la chumba, kisha ifunguliwe na kuwashwa.