Mkeka wa Bibi, Mwansabombwe (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliangalia makao ya wazee mijini. Leo twende bonde la Luapula, kaskazini mwa Zambia, hadi Mwansabombwe, makao ya chifu mkuu Mwata Kazembe, kusini kidogo ya Nchelenge na Ziwa Mweru. Huku mzee hapelekwi popote. Huduma ndiyo inayomfuata mkekani.

Anayeanza kazi alfajiri ni mjukuu. Bibi asiyeweza kujigeuza hulazwa ubavu huu, baada ya saa mbili hivi ule wa pili. Visigino na nyonga hupapaswa: pakiwa na joto au ugumu usio wa kawaida, kidonda kinaanza. Kisha chisense, dagaa wa Mweru, hutwangwa mpaka walainike, kwa kuwa meno hayapo, na ugali wa muhogo hukatwa matonge madogomadogo. Huo ni ufundi, ingawa hakuna anayeuita hivyo.

Nyuma ya mjukuu kuna utaratibu uliozaliwa na ukimwi. Mwaka 1987, hospitali ya Jeshi la Wokovu ya Chikankata, kusini mwa Zambia, ilianza kupeleka wahudumu vijijini kuwatunza wagonjwa majumbani mwao. Dayosisi ya Kikatoliki ya Ndola ikafuata. Muuguzi alifundisha, jirani wa kujitolea alitembelea, hospitali ilimpokea aliyezidiwa. Ngazi hizo tatu ndizo anazohitaji mzee pia, na nasikitika kwamba msukumo ulipungua dawa za ukimwi zilipoenea.

Fedha zina njia yake. Ruzuku ya kaya maskini ilijaribiwa Kalomo, kusini mwa Zambia, mwaka 2003. Sasa kaya yenye mtu wa miaka 65 na zaidi yaweza kuipata, ikitajwa na kamati ya ustawi ya wanakijiji wasiolipwa mshahara. Zanzibar ilichagua vingine Aprili 2016: pensheni kwa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi, maskini au tajiri. Mimi naupenda mpango wa Zanzibar, maana mzee haombi kutajwa na jirani.

Lakini pesa haimgeuzi bibi. Desemba hadi Februari uvuvi hufungwa Mweru. Machi wanaume hurudi majini, na mikono ya kumnyanyua hupungua. Mjukuu hubaki peke yake na beseni, shule ikiwa imefunguliwa. Ni nani ampokee zamu, tutaendelea naye wiki ijayo.